Hodi kwenye Mkono wa Masika

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kituo cha lishe hapa Butembo, nilivaa blouse nyeupe ya wauguzi, imepigwa pasi, nikijiona muganga kabisa. Titulaire, ndiye mkubwa wa wauguzi, akanipa ungo wa karanga. "Chagua. Yenye ukungu tupa, ile iko sumu." Weee! Shule yote ile, kumbe ni ya kuchagua karanga! Nilinuna mpaka jioni.

Tulizikaanga, tukazisaga, tukachanganya na maziwa ya unga, mafuta na sukari. Ndiyo ilikuwa dawa yetu ya bwaki, ugonjwa wa njaa unaovimbisha miguu ya batoto.

Vita vilipozidi nikahamishwa Beni, upande wa Mavivi. Hapo akaja mama mmoja aliyekimbia kijiji chake, amembeba binti yake Masika mgongoni. Mtoto alikuwa na bwaki, tena anakohoa. Docteur wetu akamchoma kipimo cha kifua kikuu: dawa kidogo chini ya ngozi ya mkono, halafu unangoja siku chache. Ngozi ikivimba, mwili unaijua microbe, kijidudu cha ugonjwa huo. Mkono wa Masika ulibaki laini.

"Donc hana kifua kikuu," nikasema nikifurahi.

"Hapana, dada," docteur akanijibu. "Tumepiga hodi, lakini basoda ba ndani ya mwili bote banalala na njaa. Nani atatuitikia? Mulishe kwanza."

Basoda wa nje, wale askari wenye bunduki, tuliwaogopa kila siku. Hao wa ndani sikuwa nimewahi kuwawaza.

Tukamlisha ule mchanganyiko wetu wa karanga, kijiko kwa kijiko. Uvimbe wa miguu ukashuka, akaanza kuchokoza wenzake, ila kikohozi kikabaki. Docteur akarudia kipimo, na safari hii, ee Mungu wangu, mkono ukavimba, mgumu chini ya kidole changu. Nilipiga vigelegele. Mwili ulikuwa umeitika! Na ni kwa karanga ile ile niliyoinunia.

Mama Masika yeye, kusikia ni kifua kikuu, akaanza kufunga kitenge aondoke. "Mutoto alikuya bila hii ugonjwa. Ni karanga yenu inamuletea!"

Nikapiga magoti. "Mama, ugonjwa ilikuwa mule mule. Mukono ndiyo ilikosa nguvu ya kusema. Ukienda naye leo, atakufa."

Alinitazama sana. "Na dawa, iko?"

"Iko."

Akafungua kitenge.

Sasa nimestaafu, nakaa Bulengera. Mjukuu wangu anayesoma biologie ananiambia protini ya karanga hukatwa tumboni kuwa vipande vidogo, peptidi, na wataalamu wanachunguza kama vingine vinaweza kuwasaidia hao basoda. "Mais bado hawana hakika, mukaka," ndivyo anavyomwita bibi yake. Sawa. Mimi nina hakika ya kile nilichokigusa tu, na mpaka leo kinanishangaza.

Jumapili, baada ya ibada, Masika hupita kwangu na watoto wake. Anapiga hodi mpaka mlango unatikisika. Mimi huchelewa kidogo kuitika, nimsikie apige tena.