Mbwa wa Betri na Mluzi wa Babu

Nilimwahidi Amoit, binti wa dada yangu, kwamba kabla ya Jumapili ningemletea mbwa wa kuchezea anayeitika akiitwa. Mbwa wake halisi aligongwa na lori hapa Malaba, na tangu siku hiyo mtoto hali chakula vizuri.

Katika duka lililo karibu na maegesho ya malori, mama muuzaji aliniwekea mmoja sakafuni. "Mwite tu, bosi, atakuja."

Nilipiga magoti, nikapiga mluzi ambao marehemu babu alinifundisha tulipochunga ng'ombe kule Moding. Kwa kitambo kidogo nilinusa tena maziwa na vumbi la jioni. Mbwa wa betri hakutikisika. Nilirudia kwa nguvu zaidi, kisha nikasimama kumhubiria yule mama kuhusu dhambi ya kuwadanganya watoto.

Alitazama mlangoni, ambako mbwa watatu wa kweli walisimama wakitikisa mikia.

"Huyo wako bado sijamwasha, mwalimu," akasema. "Hao ndio uliowaita."

Nilitoka mikono mitupu kwa aibu. Msomaji, Amoit bado anasubiri; ikiwa una mtoto wa mbwa wa kweli wa kumpa mtu, tafadhali nijulishe.