Marcelina: Sipasuliwi tena kwa kung'ata khanga

Saa tatu asubuhi, jua limekwisha kuvuka vilima na mchanga wa ufukwe wa Kibirizi unaanza kupata moto. Wanawake wenzake wamechuchumaa wakigeuza dagaa kwa mikono. Marcelina Bukuru peke yake amesimama, mguu wa kushoto ameunyoosha, anageuza wa kwake kwa ufagio wa njiti za mchikichi uliofungwa kwenye mpini mrefu.

Mnunuzi mmoja anamtania kwamba siku hizi dagaa wanafagiwa mithili ya taka. Marcelina anamjibu kuwa akitaka waliogeuzwa kwa heshima aende kwa waliopiga magoti, na bei ya huko aikubali. Wenzake wanacheka. Mnunuzi naye anacheka, ananunua.

Goti lake la kushoto ndilo habari yenyewe. Halikunjiki. Mwaka juzi aliteleza kwenye ubao wa kushukia boti akiwa na beseni kichwani, mfupa wa paja ukavunjika. Alipasuliwa katika hospitali moja mjini, akawekewa chuma, na kazi ya kisu ilikwenda vizuri. Kilichomlemaza ni siku zilizofuata, na hapo Marcelina hamung'unyi maneno: alijilemaza mwenyewe, watu wakamsaidia.

Kwao Kalinzi, mtu akikujulia hali unajibu "nzuri" kwanza. Shida husemwa baadaye, mgeni akishakaa. Sasa, madaktari wa raundi hawakai. Kila asubuhi walisimama miguuni pa kitanda, wakauliza mama anaendeleaje, naye akajibu kwa adabu zote kwamba anaendelea vizuri, anamshukuru Mungu. Wakaandika, wakapita. Akabaki na panado zake mbili.

"Nilikuwa nasubiri wakae," anasema. "Ndivyo nilivyolelewa. Utaanzaje kumlalamikia mtu mzima aliyesimama mlangoni?"

Mama mkwe wake, Recho, alikuwa pembeni akimsifu kwa ujasiri. Mwanamke aliyezaa wanne bila kupiga kelele angelilia mguu? Mazoezi ya kukunja goti Marcelina aliyakwepa kwa visingizio, maana alipoguswa tu aliona giza. Goti likakauka.

Siri ilifichuka muuguzi Agnesi alipokuja kubadilisha shuka, akakuta pindo la khanga limetafunwa matundu matundu. Agnesi akavuta kiti, akaketi. Ndipo mgonjwa aliposema yote, na machozi juu. Siku hiyo alipewa morfini, dawa kali ya maumivu, akalala kwa mara ya kwanza tangu atoke chumba cha upasuaji. Lakini goti lilikwisha kushikana.

Sasa chuma kinatakiwa kutolewa na goti kulegezwa. Ameambiwa lisipolegezwa mwaka huu litabaki hivyo maisha. Tena likishalegezwa, lazima lianze kukunjwa kesho yake, liume lisiume. Alipoombwa aweke sahihi ya kukubali, akauliza maumivu yatatulizwa kwa dawa gani. Akajibiwa kuwa wataona hapo hapo. Akarudisha kalamu, akarudi zake Kibirizi.

Wodini walimwona hana adabu. Recho alimwona ameonja dawa, sasa anaitamani.

Daktari Telesphory, ambaye ndiye atakayempasua, hamwiti mkorofi. Anaogopa, na anasema wazi anachoogopa.

"Vijana wanaletwa hapa wamemeza tramadol mpaka hawajijui," anasema. "Dawa za jamii hii zinasaidia sana, lakini zikitoka getini sina macho ya kuzifuata. Na nyumbani kwa mama huyu yupo kijana wa namna hiyo."

Kijana huyo ni Shukrani, mdogo wake Marcelina, aliyekuwa akiendesha bodaboda Mwandiga. Alianza kununua vidonge dukani bila cheti cha daktari ili aendeshe kutwa bila kuchoka, akaishia kuuza pikipiki ya watu. Miezi kadhaa sasa hajagusa kidonge, anaishi kwa dada yake na kumbebea ndoo za samaki.

Maneno ya daktari yalimchoma Marcelina kwa sababu yalikuwa na ukweli ndani yake. Yalimkaa rohoni wiki nzima. Kisha akajikongoja tena hadi hospitali.

"Nilimwambia, daktari, mdogo wangu aliharibiwa na duka lisilomuuliza jina wala ugonjwa. Mimi nitakuwa na kidonda ulichokichana wewe mwenyewe. Usitufunge kamba moja. Kama unaiogopa nyumba yangu, usinipe ya kubeba. Nilaze wodini, nimeze mbele ya Agnesi mpaka goti likunjike."

Walibishana, kila mmoja kwa heshima yake. Daktari alitaka mguu uchomwe ganzi pia ili morfini iwe kidogo, kipimo kishuke kila siku, na dawa isimamishwe pumzi ikianza kulegea. Marcelina alikubali yote. Alichokikataa ni kupunguziwa eti kwa kuwa anaonekana jasiri. Daktari naye akaahidi kuulizia maumivu akiwa ameketi, na mama akaweka sahihi.

Upasuaji umepangwa siku za mbalamwezi, wakati taa za wavuvi haziwavuti dagaa na mchanga unabaki mtupu, ili asikose kazi nyingi. Minong'ono ufukweni haijaisha. Mwenzake mmoja anauliza kwa sauti, mtu gani anaomba dawa kabla hajaumia?

Marcelina anaendelea kufagia. "Niliumia tayari," anasema. "Hamkusikia kwa sababu nilikuwa mstaarabu."

Akipona anataka kurudi kuchuchumaa na wenzake, kisha ajenge chanja zake mwenyewe za kuanikia, dagaa waache kula mchanga. Lakini kwanza kuna jambo la nani atamuuguza. Recho anashauri Shukrani asisogezwe karibu na wodi ile. Dada mtu amekataa katakata: ni Shukrani atakayekaa kando ya kitanda chake.

"Dawa ikipimwa, awepo," anasema. "Anione nikiimeza mchana kweupe, watu wakinitazama, na kipimo kikishuka aone ninavyohangaika. Simfichi. Nikiiacha mimi, ataona kwamba inaachika."