Kinyesi cha Heshima

Wakati ule bunduki zilikuwa zimenyamaza, ingawa hakuna aliyeziamini. Nilikuwa nimeacha kupakua samaki Mahagi-Port, nikachoka kudandia malori ya Niania, nikaangukia kazi ya kufagia maabara ya kituo kimoja cha afya hapa Bunia. Shule niliacha darasa la tano. Labda ndiyo maana kila kichupa nilitaka kujua kina nini.

Mara nyingi kilikuwa na mavi. Laboranti aliyachota kwa kijiko kidogo, akayakoroga katika maji ya dawa, akadondosha matone kwenye kijikaratasi cha kupimia. Mstari mmoja, virusi vya kuharisha havikuonekana. Miwili, vipo.

Siku hiyo alikodolea macho kichupa cha mtoto wa familia iliyokimbia vita vya Djugu. Mtoto aliletwa akiharisha hadi macho yameingia ndani. Kichupani mlikuwa na donge gumu, la kupendeza. Mstari ukatoka mmoja.

"Huyu amepona," alisema. "Arudi nyumbani. Kitanda kinangojewa."

Nikatumwa wodini. Mtoto alilala amelegea kama nguo iliyolowa. Bibi yake, koko kwa lugha ya hapa, alinipokea kwa fahari.

"Munganga amefurahi?"

"Sana, koko. Anasema muende nyumbani."

"Nyumbani wapi? Mutoto anakufa!"

"Lakini mavi yake iko muzuri."

"Weye nawe! Ile iko ya mutoto wa jirani. Ya huyu iko maji tupu, inanuka. Nipelekee munganga kitu ya kuleta haya vile? Nilichagua mutoto mwenye anakula vizuri."

Wodi nzima ikacheka. Mama mmoja akanuna kwamba wa kwake hakuombwa.

Nikaleta kichupa kingine, tukakinga mavi ya mtoto mwenyewe, nikakimbia nayo maabara. Laboranti akakoroga, akadondosha, akasubiri. Mistari miwili. Kitanda kikabaki cha mtoto, ila kikasukumwa chumba cha pembeni, mbali na wenzake, na koko akapewa maji ya chumvi na sukari amnyweshe kidogo kidogo.

"Kwa hiyo ile mubaya ndiyo imepita?" akaniuliza.

"Ndiyo imepita, koko."

Akatikisa kichwa, akapeleka kijiko mdomoni mwa mtoto. Mtoto akameza. Akameza tena.

"Basi ile muzuri munirudishie," akasema. "Mama ya ule mutoto ataniuliza."