Kiti cha ndege alichokigawa Papa

Leo nimecheka kilioni, na sijutii. Mtanihukumu, lakini someni kwanza.

Tulikuwa mtaa wa Panda, tunamlilia baba mdogo.

Hadithi ya Papa, baba yetu, tumekua nayo. Enzi za Zaire, Mama alikuwa mahututi hospitalini Kinshasa, Papa yuko huku kiwandani. Kampuni yake ikampa tiketi ya ndege. Yeye akampa kiti chake mwanamke mmoja mwenye mtoto mgonjwa, akapanda treni, halafu boti. Siku kumi na nane njiani.

Akakuta kaburi.

Sisi watoto tulimwona mtakatifu. Kweli kabisa.

Leo akaingia mtani wake, mzee waliyefanya naye kazi kiwandani. Na mnajua, kilioni mtani anasema lolote, wala hakuna kukasirika.

"Weye unalia nini?" akamwambia mbele ya watu wote. "Minye njo nilikusindikiza pale Lubumbashi! Ulikumbatia ngazi ya ndege, ukalia na woga kama mutoto, mpaka ndege ikaenda na kiti yako bule, bila muntu!"

Watu wakaangua kicheko. Ndiyo desturi.

Papa naye akajaribu kucheka. Akanitazama mimi, nimwokoe.

Nikacheka kuliko wote.

Halafu nikamwinamia sikioni, polepole, asikie vizuri:

"Papa, mama mudogo aliyemuuguza Mama aliniambia. Kila akisikia ndege inapita, akidhani ni weye unafika, Mama alikuwa anaomba afungiwe kitambaa kizuri kichwani."