Fundi Godoro wa Mwembesongo Anayedai Sheria ya Kumpokea Mgonjwa wa Akili

Saa mbili asubuhi, Mwembesongo. Mwinjuma Pazi amesimama mbele ya kichanja cha fito, fimbo mkono huu na fimbo mkono huu, anapiga sufi. Kila fimbo ikishuka, weupe unaruka juu na mbegu nyeusi zinadondoka chini. Amejifunga kitambaa puani. Nyusi zimejaa sufi, na asiyemjua angedhani uzee umemwanzia usoni.

"Kupiga sufi hakutaki nguvu," anasema bila kusimama. "Kunataka hasira kidogo."

Leo hasira anayo, ila ni hasira ya mtu anayejua anakokwenda. Saa tisa alasiri atakuwa Bigwa, kwenye mkutano wa hadhara. Wananchi wataulizwa wanaonaje kuhusu rasimu ya sheria ndogo ya afya. Ndani ya rasimu hiyo kuna kifungu kimoja ambacho fundi huyu amekihangaikia miaka miwili, ofisi hadi ofisi, msikitini, kanisani na kwenye vijiwe vya kahawa.

Kifungu chenyewe ni kifupi. Mgonjwa wa akili asipewe ruhusa ya kutoka hospitali mpaka ijulikane kwa jina nani anampokea nyumbani, na mhudumu gani wa afya atamfuata hukohuko, kuanzia wiki ya kwanza na kuendelea. Tena iwe lazima. Ikiachwa kwa hiari ya mtu, Mwinjuma hataki.

"Nikiuliza naambiwa mambo hayo yanashauriwa," anasema. "Mimi na ushauri tunafahamiana. Nimeshauriwa niache kuvuta sigara tangu nina miaka ishirini."

Pembeni yake, kijana mrefu anashona ukingo wa godoro kwa shazia, sindano ndefu ya mafundi. Huyo ni Abeid, mpwa wake, mtoto wa dada yake Maimuna.

"Na bado anavuta," Abeid anasema.

Mwinjuma ana miaka hamsini na minane. Shule aliiacha darasa la nne, akafuata kazi ya baba yake. Wiki nzuri anashona magodoro matatu. Wiki mbaya hashoni hata moja, maana watu wamehamia kwenye sponji. Hana mke, na watoto wake wawili wa kike wameolewa mbali. Aliyebaki naye ni Abeid.

Abeid aliugua akiwa na miaka ishirini na mbili. Alianza kusikia watu wasioonekana wakimsema, akaacha kulala, akaacha kuoga. Katika miaka mitano alilazwa mara nne. Kila mara alitoka akiwa mzima, anacheka, ananenepa. Mara tatu alirudi.

Ilikuwaje? Hapo ndipo kisa cha Mwinjuma kilipo, na ni kisa ambacho Mluguru akikisikia anatikisa kichwa kabla hakijaisha.

Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, wanaouita lukolo. Baba humlea na kumpenda, lakini likitokea jambo zito, mwenye neno ni mjomba. Abeid alipopewa ruhusa mara ya tatu, hospitali ilifanya kama inavyofanya kwa kila mtu: ikamwita baba. Baba huyo, Ahmadi, anayelima nyanya Mlali, akaenda. Akaelezwa dawa zote, ya asubuhi na ya jioni, na siku ya kurudi kliniki. Akaitikia, akamchukua kijana, akampeleka kwake Mlali, akakaa kumsubiri mjomba aje achukue madaraka.

Mjomba hakuja. Hakuwa na habari. Alijua mpwa wake bado amelazwa.

"Ningempigia simu nimwambie nini?" anauliza Ahmadi, mtu mpole, mzito wa maneno. "Njoo umshike mwanao? Mjomba haamriwi. Nilijua hospitali wameshamwambia."

Maimuna, mama yake kijana, alikuwa ameachana na Ahmadi zamani na yuko Dar es Salaam kwa kazi za ndani. Naye alijua kaka yake anashughulika.

Basi kijana akawa na baba, mama na mjomba, na hana mtu. Chumba chake walikikuta kimejaa magunia ya mahindi, akalala juu ya magunia. Dawa zikaisha. Hakuna aliyemuuliza, kwa kuwa kila mmoja alijua yupo anayeuliza. Wakata kuni ndio waliomkuta mlimani, kwenye kibanda cha kuhifadhia nyanya, miguu imepasuka, anazungumza na mvua. Akalazwa mara ya nne.

"Hakuna aliyemtupa," anasema Mwinjuma. "Andika hivyo. Watu wangu si wabaya. Kila mtu alimheshimu mwenzake, na heshima ile nusura ituzikie mtoto."

Mara ya nne mjomba alikwenda mwenyewe mpaka getini, amebeba godoro jipya kichwani. Mlinzi akamwambia magodoro ndani yapo. Akajibu, "Hili si la kuingia. Ni la kutokea."

Tangu siku hiyo ni miaka mitatu. Abeid hajalazwa tena. Kila jioni mjomba anamuuliza swali lilelile, "Umemeza?" Kila jioni Abeid anajibu, "Nimemeza. Wewe umekula?"

Wako wanaomwambia Mwinjuma kwamba kazi amekwisha kuimaliza. Mpwa amepona, anashona, ana mchumba wa kuzungumza naye kwenye simu. Sheria ya nini tena?

Fundi anaweka fimbo chini. Swali hili ndilo linalomkosesha raha.

"Mimi nitakufa. Nikifa, nani atamuuliza Abeid kama amemeza? Wema wangu utazikwa na mimi. Sheria haizikwi."

*

Saa tisa, uwanja wa shule, Bigwa. Madawati yametolewa nje. Wanaume wamekaa upande wa mlima, wanawake upande wa barabara. Mwinjuma amevaa kanzu safi, lakini sufi bado imeng'ang'ania nyuma ya masikio.

"Bwana Sufi," anamwita Kristina, muuza kabichi anayeshuka kutoka milimani kila siku ya soko. "Leo diwani atapiga chafya mpaka akubali."

"Akikubali kwa chafya nayo ni kura," Mwinjuma anamjibu.

Kifungu kinasomwa. Wa kwanza kusimama ni Raphael, mkulima, mtu anayesikilizwa. Hakipendi.

"Mambo ya nyumba humalizwa nyumbani," anasema. "Leo serikali inakuja kumuuliza mwanangu vidonge. Kesho itakuja kuonja ugali wangu."

"Ikionja wa kwako haitarudi," anasema Mwinjuma, na uwanja mzima unacheka, Raphael mwenyewe akiwemo.

Kisha fundi anasimama na kukieleza kisa cha Mlali, hapambi neno. Anaposema, "Baba alimsubiri mjomba, na mjomba hajui," mzee mmoja mstari wa mbele anaguna na kufunga macho. Ahmadi yupo nyuma kabisa, amekuja kutoka Mlali kwa hiari yake. Anaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndivyo.

"Raphael," anasema Mwinjuma, "wewe una wapwa wangapi?"

"Tisa."

"Mmoja akilazwa leo, hospitali itakuita wewe au shemeji yako?"

Raphael anafikiri. "Itamwita shemeji."

"Na shemeji yako atakuita?"

Raphael anakaa. Kwa watu wanaomjua, huko ni kukubali.

Inabaki hoja ya wahudumu. Afisa wa kata anaeleza kwamba ni wachache, wana kazi za chanjo na za mama na mtoto, na milima nayo ni mirefu. Hoja ni ya kweli na Mwinjuma haipingi. Kristina ndiye anayeinuka, kanga kiunoni, na haongei na afisa. Anawageukia wanawake wenzake.

"Mwali tukimtoa ndani, tunamtoa na nani?"

"Na somo wake aliyemfunda," wanajibu.

"Na somo akiwa na kazi nyingi?"

"Hatoki."

"Tunamsukuma mlangoni peke yake?"

"Hatoki."

Kristina anamgeukia afisa. "Huyo anatoka kuchezewa ngoma, mzima wa afya, na hatumwachi. Huyu anatoka kuumwa kichwa chake chote. Nimemaliza."

Kura inapigwa kwa mikono. Iliyopanda juu ni mingi mno kuhesabiwa, na mwenyekiti hajisumbui. Mmojawapo ni wa Raphael, umepanda nusu, lakini umepanda. Kifungu kinabaki kwenye rasimu na kwenda baraza la madiwani mwezi ujao.

*

Asubuhi ya pili Mwinjuma yuko kwenye kichanja chake kama kawaida. Godoro lililo mbele ya Abeid ni la Furaha, mama wa watoto wawili, ambaye ataruhusiwa kutoka hospitali Ijumaa. Kila anayemsikia anarudi, Mwinjuma humshonea godoro likatangulia nyumbani. Anayelipeleka ni Abeid, na analipeleka mapema makusudi, ili wenye nyumba waondoe magunia.

"Wakiliona godoro wanajua mtu anakuja," anasema Abeid. "Mimi nilifika kama habari mbaya."

Baraza likipitisha, mjomba na mpwa wamepanga kwenda Mlali, kwenye halmashauri nyingine, na kuanza upya. Baada ya hapo watamfuata mbunge, kifungu kikasomwe Dodoma. Fundi anayasema haya kama mtu anayetaja vituo vya basi alilokwisha kulipanda.

Ndipo anatokea msichana mwenye mkoba wa bluu. Ni Glory, mhudumu wa afya wa jamii. Jana alikuwa uwanjani.

"Shikamoo mzee Mwinjuma."

"Marahaba, mwanangu."

Glory anampita fundi na kwenda moja kwa moja kwa kijana.

"Abeid, umemeza dawa?"

Fimbo zinasimama hewani. Kwa miaka mitatu swali hilo lilikuwa na kinywa kimoja tu. Abeid anamtazama mjomba wake, kisha anamtazama Glory.

"Nimemeza," anasema. "Wewe umekula?"

Mwinjuma anashusha kitambaa puani. Anaposema, sauti yake ni ileile kavu.

"Asante, mwanangu. Leo umekuja kwa kuwa unanipenda. Mimi nataka sheria ipite, uje hata siku umenichukia."

Anarudisha kitambaa, anashika fimbo zake, na sufi inaruka.