Sauti Niliyoiacha Umbilo

Mama alinishukuru kwa simu ambayo sikumpigia. Ilikuwa Jumapili mchana, nimekaa kitandani kwangu Albert Park, hapa Durban, nakunja nguo, naye yuko kwake Muheza, na tulikuwa ndio kwanza tumemaliza kusalimiana. Akasema nashukuru mwanangu kwa kunikumbuka, hata leo umenipigia kabla sijamaliza chai. Asubuhi ile mimi nilikuwa nimelala fofofo. Nikajiambia ni uzee, nikageuza mazungumzo.

Jumapili iliyofuata akarudia. Nikamuuliza kwa ujanja tuliongea nini, akacheka. Kwani umesahau, si uliniuliza kama nimemeza dawa? Mama ana presha ya siku nyingi, na mimi ndiye mtoto wake pekee aliyebaki. Nilimwambia ndiyo, nilisahau tu. Usiku ule niliacha taa ya chumbani inawaka, mtu mzima mimi, na bili ya umeme ninaijua.

Nikamwomba jirani yake, mwanamke wa rika langu ambaye ndiye macho yangu kule, aende akanywe chai na mama asubuhi moja aone ni nani huyo. Simu ya mama ni kitochi, na namba hawezi kuzisoma tangu macho yamfanye vibaya. Jirani akaiweka kwenye spika, akarekodi kwa simu yake, akanitumia. Niliisikiliza Clairwood, kwenye ghala ninakofanya kazi, nimeegemea maboksi ya blenda zilizotoka China zikingoja lori la Lubumbashi.

"Shikamoo mama," ikasema simu. Ilikuwa sauti yangu.

Sauti yangu naijua. Haikufanana nayo, ilikuwa yenyewe, ile ninayoitoa nikiwa nimelala vizuri na sina ugomvi na mtu. Ikanyamaza. Mama akaitikia marahaba mwanangu, akauliza habari za huko, akasema kwao mvua imekataa. Alipomaliza kabisa, sauti ikamuuliza kama amemeza dawa zake leo. Nilisikia kijiko cha mama kikigonga kikombe, na mimi ninamjibu kutoka mahali ambapo sikuwepo.

Nilijua ilikotoka. Kabla ya ghala nilifanya kazi Umbilo, kwenye kampuni ya kupokea simu. Tulikaa ghorofa ya pili na vipokea sauti vichwani, Watanzania, Warundi na Wakongo, tukiwahudumia wateja wa nchi nyingine kwa niaba ya kampuni za nchi nyingine tena. Tuliagizwa tusiseme tuko Durban. Mteja wa Dodoma akilalamika jua kali, nami nilalamike jua kali, huku dirishani kunanyesha. Sitaitukana kazi ile. Iliezeka nyumba ya mama kwa bati, ikamtibu, na mimi mtu wa kidato cha nne nikalipwa kwa sababu tu nazungumza lugha niliyozaliwa nayo. Nani mwingine aliwahi kunilipa kwa hilo?

Kisha wakaniteua kurekodi. Walisema Kiswahili changu ndicho kilichonyooka kuliko vyote pale, nami nikavimba kichwa. Nilikaa kwenye chumba kidogo kilichobandikwa sponji kuta zote, nikasoma sentensi mpaka koo likakauka. Bosi aliyekuwa akisikiliza kwa kompyuta kutoka nchi ya mbali alitaka nisome shikamoo na swali kwa mfululizo, asipoteze muda wa simu. Nikagoma. Nilimweleza kwamba ukimwamkia mzee lazima umwachie nafasi aitikie, na akikuuliza habari umsubiri amalize. Ukimrukia na swali umemtukana, atakata simu. Tulivutana, mwisho akakubali, tena akanisifu mbele ya wenzangu.

Tulipomaliza kurekodi, meza ya Kiswahili ikafungwa. Hawakuwa na haja nasi tena, sauti ilikuwa imeshabaki. Msimamizi wetu wa zamani, nilipompigia kumuuliza, alisema kwa upole kwamba sauti huuzwa kwa yeyote anayeihitaji, na mkataba nilisaini mwenyewe. Hospitali ya mama ilikuwa imejiunga na huduma ya kuwakumbusha wagonjwa wake dawa. Hakuna aliyefanya kosa. Ningependa awepo mmoja, nimpate wa kumkasirikia.

Ninakaa chumba kimoja na dada mmoja wa Bukavu anayesuka nywele mjini. Nilimsikilizisha ile rekodi nikidhani atacheka, maana yeye hucheka kila kitu. Aliirudisha simu mezani na kuisukuma mbali naye.

"Ma sœur, sauti yako iko inazungumuza na mama yako, na weye uko hapa unakula," akasema. "Ile kitu haiko muzuri."

Nilipaswa kumweleza mama siku hiyohiyo. Lakini alikuwa na furaha, na dawa anakumbushwa kila siku kuliko ambavyo ningeweza mimi, mwenye zamu na mwenye uchovu. Nikaacha. Nilianza kuogopa Jumapili zangu mwenyewe. Nilikuwa nikimpigia najisikiliza, najiuliza kama leo nimemsalimu vizuri kama yule mwingine.

Mambo yaliharibika Jumatano moja. Jirani alinipigia mchana nikiwa katikati ya maboksi. Mama amevimba miguu mpaka viatu haviingii, anahema akitembea kutoka kitandani hadi mlangoni, na hospitali hataki. Dawa alikuwa ameacha kuzimeza, zinampa kizunguzungu. Alipoambiwa aende akaonwe alijibu kwamba mwanawe anajua, amemweleza, na mwanawe amemwambia vizuri sana.

Nikaelewa. Mama alikuwa ameiambia ile sauti jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Mama nimeacha dawa, alisema, nayo ikangoja amalize, kisha ikasema ile sentensi niliyoisoma mwenyewe nikitabasamu, maana walitaka tabasamu lisikike: vizuri sana, mama, nakutakia siku njema.

Nilitoka nje ya ghala, nikampigia palepale, lori likirudi nyuma na kupiga kelele karibu yangu. Alipopokea tu nilianza kupayuka. Mama, kwa nini umeacha dawa, usiisikilize ile simu ya asubuhi, ile si mimi, iko mashine, eish, jiandae sasa hivi uende hospitali.

"Wewe ni nani?" akauliza.

"Mimi, mama. Mwanao."

"Mwanangu hawezi kunianza bila shikamoo."

Nikamwamkia hapohapo, lakini shikamoo iliyochelewa haina thamani, hata mimi niliisikia inavyodondoka. Nikamtajia jina la marehemu baba, nikamtajia chumba nilichozaliwa. Akasema hata msikitini wametangaza kwamba siku hizi matapeli wanaiga sauti za watoto wa watu na wanajua kila kitu. Akasema yule wake humsikiliza mpaka mwisho, hajawahi kumkatiza. Na hilo lilikuwa kweli. Jirani naye alipojaribu kunitetea, mama akamwambia pole, nawe umeshatapeliwa.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kupanda ndege nisingeweza, na basi la kutoka huku hadi kule lingemkuta mama yuko wapi? Nililia njiani kurudi nyumbani bila kujificha, watu kwenye taksi, ndizo daladala za huku, wakatazama madirishani.

Asubuhi iliyofuata nilimwomba yule dada wa Bukavu azime redio. Nikaingia ndani ya kabati la nguo, nikajifungia, makoti yakanigusa uso pande zote kama sponji za kile chumba cha Umbilo. Nilikuwa nimenywa maji ya vuguvugu na kulala kwa kujilazimisha. Nikampigia mama muda mfupi kabla ya saa ya mashine. Jirani alikuwa mlangoni kwake tayari na bajaji.

"Shikamoo mama," nikasema, taratibu, na tabasamu gizani.

"Marahaba mwanangu," akaitikia, na furaha iliyokuwemo mle sijaisikia akinipa mimi kwa miaka. Aliniambia habari za mvua, za kuku aliyepotea, za miguu. Niliuma mkono wa koti nisimkatize. Alipomaliza, nikamwambia kwa ile sauti kwamba leo aende hospitali na jirani yake, amweleze daktari kuhusu kizunguzungu kama alivyonieleza mimi.

"Haya mwanangu, ukisema wewe nitakwenda," akasema. Nikamsikia anatafuta khanga yake. Kisha akarudi kwenye simu, akashusha sauti kama mtu anayetoa siri. "Kuna mwanamke alinipigia jana mchana, anajifanya wewe. Ana hasira, na anaongea kama mtu asiye na kwao. Nimemkataza asinipigie tena."

Nikamwambia amefanya vizuri.