Nimtaje Mtani Aliyevunja Baiskeli ya Shamba?

"Utani ni mchezo wa washamba. Mtu akiharibu mali na apelekwe bomani, awe mtani awe nani." Hayo aliyaandika msomaji mmoja katika ukurasa huu, akijiita Mpenda Maendeleo. Namjibu hivi: bwana huyo hajawahi kuvunjiwa baiskeli isiyo yake, tena siku ya kumzika baba yake. Mimi yamenikuta, na kwa hayo maendeleo yake nakaribia kuwa kichaa.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na sita, karani wa shamba moja la mkonge huku Kilwa. Silewi. Husoma kila gazeti linaloshushwa bandarini, hata lile lililokwisha kufungiwa samaki, na makarani wenzangu huniita Wakili kwa ubishi wangu. Leo Wakili hana la kusema, ndiyo maana nimemwomba mhariri alifiche jina langu.

Shamba lilinipa baiskeli ya kuwazungukia wakataji. Haikuwa zawadi. Kila mwezi hukata kodi yake katika mshahara, na siku ya kuacha kazi unairudisha kama ulivyoipokea, ndipo unapewa cheti chako. Bila cheti hicho hakuna mwajiri atakayekutazama mara mbili. Niliitunza hata majirani wakanicheka kwamba naipangusa kuliko ninavyojipangusa mwenyewe.

Baba alipofariki kwetu Njinjo, meneja wetu Mzungu aliniruhusu kwa kinywa chake: "Chukua baiskeli, uzike, urudi upesi." Nikaenda nayo.

Kwa wasiotujua, kwetu mtani ndiye mwenye msiba. Yeye ndiye achimbaye kaburi na kuingia ndani kumpokea maiti. Kwa kazi hiyo ana haki ya kumwigiza marehemu, kuwakamatia kuku wenu na kuwatukana mbele za watu, nanyi mcheke. Kumkasirikia ni aibu. Kumshtaki ni kuukata utani, na wazee wa pande zote mbili hawatakusamehe.

Sasa baba yangu alikuwa haipandi baiskeli. Kila nilipomkaribisha alijibu, "Mtu mzima hapandi kitu kisicho na miguu." Tuliporudi kutoka makaburini, mama alikuwa hajasema neno tangu jana yake. Mtani wetu akatoka ndani amevaa kanzu ya baba na kofia yake, mikono nyuma, anakohoa kama yeye hasa. Akaniita, "Mwanangu! Nimekufa, sasa sina cha kuogopa! Lete hiyo baiskeli!"

Watu walicheka hata wakajishika mbavu. Akaipanda, akateremka nayo kilimani, kanzu inapepea, anapiga kelele, "Nakwenda Kilwa kumsalimu Mzungu!" Akagonga kisiki. Uma wa mbele ukapinda, rimu ikawa kama chapati iliyokunjwa. Akainuka, goti linatoka damu, na hakuacha kuwa baba: "Mwanangu, mwambie bwana wako baiskeli imevunjwa na maiti. Aje anishtaki!"

Mama alicheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na hapo ndipo alipoweza kulia. Nami nilicheka, Mungu ni shahidi, huku moyoni nimekwisha kufa.

Nilirudi njia yote nikiisukuma. Fundi wa mjini akaunyoosha uma kwa moto, akaweka rimu nyingine. Lakini nilikuwa nimekwisha kupata kazi Mingoyo, kwenye ghala la pamba, kazi yenye nyumba na chumba cha mama, na siku ya kuirudisha baiskeli ikafika. Meneja akapitisha kidole kwenye uma, pale rangi ilipobabuka.

"Hii si niliyokupa. Nani aliipanda?"

Nikamweleza utani kwa utaratibu, kama mwalimu.

"Anaitwa nani?"

"Mtani wetu, bwana."

"Mtani nani? Jina!"

Nikamwambia akate mshahara wangu wa mwisho wote. Akasema fedha haitaki, anataka watu wajue mali ya shamba haichezewi. Nikimpa jina, askari wa boma watakwenda Njinjo kumkamata, nami nitapata cheti safi. Nisipompa, ataandika kwamba niliiharibu mwenyewe kwa makusudi. Na mwenye ghala Mingoyo amesema wazi, cheti kwanza, ufunguo wa nyumba baadaye. Nimepewa mpaka Ijumaa.

Mama amekwisha kuhama Njinjo. Yuko chumbani mwangu hapa kambini, mzigo wake hajaufungua. Nilipomweleza alinitazama kama mgeni.

"Baba yako alizikwa vizuri, na alichekwa vizuri. Ukimpeleka bomani aliyemchimbia kaburi, nirudishe kwetu leo hii. Silali katika nyumba iliyopatikana kwa mgongo wake. Nami nikifa atanichimbia nani? Huyo meneja wako?"

Nikampelekea mtani habari, nikitanguliza shikamoo. Majibu yake: "Shikamoo ya nini, karani? Nilikwisha kukwambia, ni maiti. Mpeleke Mzungu akamfukue." Hajui kwamba safari hii hakuna anayecheka.

Jina lake silitaji hata hapa, maana ndilo linalotafutwa. Usingizi sina. Nikisema, nampoteza mama akiwa hai. Nikinyamaza, namtoa kambini bila nyumba wala kazi ya kumlisha.

Makarani wenzangu wa mashamba ya Kilwa na Lindi, ninyi mlioacha kazi mkapewa vyeti vibaya, niambieni kama yupo mwajiri aliyewapokea, na mlimwambia nini. Nipeni neno kabla ya Ijumaa. Na wewe Mpenda Maendeleo, sheria naijua, usinisomee. Nijibu hili tu, katika ukurasa huu huu: siku mama yangu atakapofariki, utakuja Njinjo na jembe lako?